"The reason why": Ni kosa au ni mazoea tu?

Ukiandika "the reason why I am late", wapo watakaokwambia ufute "why". Hoja yao: "reason" tayari ni sababu, sasa "why" ya nini?

Ukweli ni kwamba Waingereza wameyaweka maneno hayo mawili pamoja tangu karne ya 13. Malalamiko yalishika kasi karne ya 20 tu. Kwa hiyo sio kosa. Ukiitoa "why", sentensi inakuwa fupi, basi.

Maneno rejeshi ya Kiingereza yamekuwa yakipungua siku nyingi. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "which that" mahali ambapo leo "which" peke yake inatosha. Siku hizi hata "whom" inasikika kwa nadra kwenye mazungumzo, na wengi husema "the man I saw" bila "that" yoyote.

Ila sio kila "that" inatoka. Kwenye "the man that called is my uncle", mtu huyo ndiye aliyepiga simu. Ukiiondoa "that" hapo, sentensi inavunjika.

Kosa linalowaponza wengi wanaozungumza Kiswahili ni jingine: "the book that I read it". Chanzo chake kinaeleweka. Tunasema "kitabu nilichokisoma", na ndani yake mna "-cho-" na "-ki-", vyote vikirejea kitabu kilekile. Kiswahili kinaruhusu. Kiingereza hakiruhusu, kwa sababu "that" imeshachukua nafasi ya kitabu, na "it" inakosa pa kukaa. Sahihi ni "the book that I read" au "the book I read".

Hivyohivyo kwa "the house in which I live in". Chagua "in" moja.

Kiswahili nacho kina mtego wake. "Mtu ambaye niliyemwona" imerudia kirejeshi. Sema "mtu ambaye nilimwona" au "mtu niliyemwona".

Kwa hiyo kabla ya kutuma barua ya kuomba kazi au kukabidhi karatasi ya mtihani, usihangaike sana na "why". Tafuta kwanza "it", "him", "her" au "them" iliyojificha baada ya "that", "which" na "whom". Hiyo ndiyo inayokula alama.