Orodha ya wanachama ikitoka mkononi: namna ya kulinda faili za chama au Sacco yako

Kila mwisho wa mwezi katibu wa chama hufanya kazi ileile. Anajaza orodha ya wanachama, anaigeuza kuwa PDF, kisha anaiweka kwenye grupu la WhatsApp. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, hisa, mkopo uliobaki: vyote kwenye ukurasa mmoja. Kuanzia dakika hiyo chama hakijui tena faili iko kwa nani.

Tuseme ni chama cha akina mama wanaouza ndizi na mboga soko la Kiogoro. Mmoja wao anataka nakala ya karatasi, anaenda saiba Kisii mjini, anamtumia kijana wa pale faili, inachapishwa, analipa na kuondoka. Faili inabaki kwenye ile kompyuta. Mtu wa tatu akiipata, hana haja ya kuvunja mfumo wowote wa malipo. Anapiga simu tu: "Mama, hujambo? Mimi ni mpwa wa mweka hazina wenu. Laini yake imeharibika, kwa hivyo ule mchango wako wa 1,500 tuma kwa hii namba." Kiasi ni kilekile, jina la mweka hazina ni lilelile. Nani atashuku? Tena namba ya kitambulisho iliyo kwenye orodha ni mojawapo ya vitu ambavyo tapeli huvihitaji akitaka kubadilisha laini yako ya simu.

Wengi husema, "Sisi tunaweka nywila." Ni vizuri, lakini nywila ina kikomo chake. Fikiria statementi ya M-Pesa unayotumiwa kwa barua pepe: haifunguki bila ile kodi uliyotumiwa kwa SMS. Sasa ukimtumia mtu statementi pamoja na kodi yake, naye anaweza kumtumia mwingine vyote viwili, na huna la kufanya.

Hapo ndipo unakuja usimamizi wa haki za kidijitali, ambao watu wa kompyuta huuita DRM kwa kifupi. Ukishawahi kuona sanduku la chama lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, utaelewa haraka. Tofauti ni kwamba hapa kila mwanachama anaweza kwenda nyumbani na nakala ya sanduku, ila ufunguo haumo ndani. Faili husimbwa, yaani maandishi yanavurugwa yasisomeke, na ufunguo unabaki kwenye seva. Kila mtu anapotaka kuifungua, programu yake inauliza seva: huyu ni nani, na ameruhusiwa nini? Seva ikikubali, inatoa ufunguo pamoja na masharti. Huyu asome tu. Yule asome na achapishe. Mkaguzi wa hesabu aone hadi tarehe 30, baada ya hapo isifunguke. Na katibu akimaliza muhula wake, haki yake inaondolewa, hata kama faili bado iko kwenye simu yake. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa, maana vyama vingi hubadilisha viongozi na kusahau kwamba viongozi wa zamani bado wana kila kitu.

Mifumo kamili ya namna hii, kama ule wa Microsoft Purview, hulipiwa, na inaifaa zaidi Sacco kubwa, shule au hospitali. Kwa chama cha watu sitini sioni haja. Kuna njia ya bure inayokaribia hapo: weka orodha kwenye Google Drive, na usitume faili yenyewe. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua sehemu ya kushiriki, andika barua pepe za wale wanaohitaji kuiona, wape haki ya kutazama tu, kisha nenda kwenye mipangilio na uondoe ruhusa ya kupakua, kuchapisha na kunakili. Usichague ile ya "yeyote mwenye linki", kwa sababu linki husambaa kama umbea wa sokoni. Mtu akiondoka kwenye uongozi, futa jina lake pale.

Lakini tusidanganyane. Hakuna mfumo unaozuia mtu kupiga picha ya skrini kwa simu nyingine. Hata picha ya WhatsApp ya kutazamwa mara moja, iliyoanza 2021, haiwezi kuzuia hilo. Ndiyo maana ofisi nyingi huandika jina la msomaji kwa herufi hafifu katikati ya ukurasa: picha ikisambaa, inajulikana ilitoka kwa nani. Na dawa rahisi kuliko zote ni kupunguza kilichomo. Kwani namba kamili ya kitambulisho inafanya nini kwenye orodha ya michango? Tarakimu tatu za mwisho zinatosha. Mkopo wa mtu atumiwe yeye mwenyewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa watu wengine, kisha kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Je, orodha yenu imeshatoka? Wajulisheni wanachama siku hiyohiyo, kwa mdomo au kwa simu, kwamba namba ya kutuma michango haijabadilika na haitabadilishwa kwa simu wala kwa ujumbe. Kila mmoja apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, aripoti kwa kampuni ya simu. Na mtu yeyote akiwapigia kuwaomba PIN "ili arekebishe akaunti ya chama", mkatieni simu, hata akisema anatoka kwetu.