Sauti ya kweli katika soko la telefoni



Anayepita soko la Kadutu siku ya Jumamosi anajua mambo yanavyokwenda pale. Mwenye sambaza anaita, mwenye sombe anaita, na mwenye dawa za minyoo amewasha kipaza sauti chake tangu asubuhi. Anayesikika zaidi ni huyo mwenye kipaza sauti, hata kama dawa yake ni maji na rangi. Telefoni zetu zimekuwa soko kama hilo, tena soko lisilofungwa jioni. Kabla hatujawasha makaa tumeshasikiliza sauti tatu: moja inasema tangawizi inaponya kisukari, nyingine inasema chanjo inafunga uzazi, ya tatu inauza chupa ya majani inayotibu magonjwa kumi na mawili.

Kati ya sauti hizo imo pia ya kweli, lakini imefunikwa. Juma hili tunataka kuzungumza jinsi inavyoweza kusikika. Tunalizungumza kwa sababu limetupata sisi wenyewe, na kosa lilikuwa letu.

Kosa letu

Mwezi wa Agosti 2024, mtoto wa mwenzetu mmoja wa likelemba, mwenye miaka minne, alipata homa, kisha vipele usoni na katika viganja. Siku hizo mpox ilikuwa imeenea katika jimbo letu. Ilikuwa imeanza kujulikana Kamituga tangu Septemba 2023, ikafika mpaka hapa mjini, na huko Kavumu hospitali ilikuwa inapokea watoto wengi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ni hali ya dharura kwa dunia nzima.

Lakini katika kikundi chetu cha WhatsApp ilikuwa imeingia sauti ya mtu asiyejitaja jina. Alisema vipele hivyo ni karuho, kwamba mtoto akipelekwa hospitali atadungwa sindano na kufa, na kwamba yeye anayo dawa. Mtu atume pesa kwa telefoni, chupa italetwa mpaka mlangoni. Watatu kati yetu tuliisukuma sauti hiyo kwa wengine. Sisi tunaoandika mistari hii tulikuwa kati ya hao watatu, na diploma yetu ya ualimu haikutuzuia.

Mama yule alituma pesa. Siku nne mtoto alinyweshwa maji ya majani, akiendelea kulala kitanda kimoja na mdogo wake wa miezi minane. Siku ya tano mdogo naye akaanza kuwaka homa. Ndipo bibi yao, ambaye hana telefoni, alipomfunga mdogo mgongoni kwa kitenge, akamshika mkubwa mkono, akawapeleka kituo cha afya. Wote wawili walipona, tunamshukuru Mungu, ila yule mdogo alikaa hospitali majuma matatu.

Mama yao alipokuja kwenye mkutano wetu hakumgombeza mtu. Aliuliza tu: "Ile sauti mlinitumia ninyi. Ingetoka kwa mtu nisiyemjua, mnadhani ningeisikiliza?"

Hakuna aliyemjibu siku hiyo.

Kwa nini uongo unatangulia

Baadaye tulitafuta kuelewa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walitoa kazi yao juu ya habari zilizopita katika mtandao wa Twitter tangu 2006 mpaka 2017. Waliona kwamba habari ya uongo ilikuwa na nafasi ya kusambazwa zaidi ya ile ya kweli kwa asilimia 70. Waliona pia kwamba wanaoikimbiza ni watu, si mashine. Uongo una mambo mapya, unashangaza, unachukiza, na mtu akishangaa anataka na jirani ashangae. Ukweli wa afya mara nyingi ni ule ule wa jana: osha mikono, chemsha maji, peleka mtoto apimwe.

Kuna jambo lingine lililo karibu na sisi zaidi. Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi wa Septemba 2018. Mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Na wale waliosema wanawaamini wakubwa wa mahali pao hawakufika hata theluthi moja. Asiyemwamini msemaji hawezi kupokea neno lake, hata likiwa la kweli kabisa. Ugonjwa ule ulidumu tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200, na katika Agosti 2019 ulifika hata kwetu, Mwenga.

Na neno la mtu anayeaminiwa nalo linaweza kupotea njiani. Profesa Jean-Jacques Muyembe ni mmoja wa wale waliotambua Ebola huko Yambuku mwaka 1976. Nchini mwetu ni vigumu kumpata mtu anayejua magonjwa hayo kumpita. Lakini mwanzoni mwa Aprili 2020 alisema kwamba Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo ya Covid, na watu wakaelewa kwamba sisi ndio tutakaojaribiwa kwanza. Hasira ikawaka katika telefoni. Ilibidi aeleze tena kwamba chanjo isingejaribiwa hapa kabla ya kujaribiwa kwingine. Maelezo hayo hayakuwa na mbio kama za neno la kwanza.

Nusu ya ukweli

Uongo mtupu tunaweza kuukamata. Kinachotushinda ni nusu ya ukweli. Tuchukue chai ya artemisia, ambayo wengi wetu tunaipanda nyuma ya nyumba. Ni kweli kwamba dawa kali za malaria zilitoka katika mmea huo. Mama wa Kichina, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye kuuza majani anaposema "hata wazungu wanaitumia", hajadanganya kabisa.

Asichosema ni hiki: katika kikombe cha chai hakuna anayejua dawa iliyomo ni kiasi gani. Ikiwa kidogo, vijidudu havifi vyote, na vile vinavyobaki vinaweza kujifunza kuivumilia dawa. Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai hiyo. Mtoto mwenye homa apimwe damu kwa kidole. Ikiwa ni malaria, apewe vidonge vya kuchanganya vinavyotolewa na kituo cha afya, na avimalize vyote hata kama homa imeshuka.

Tulivyojaribu kusikika

Baada ya lile swali la mwenzetu tuliamua kwamba kila Jumamosi kikundi chetu kitatuma sauti moja ya afya. Ya kwanza tuliiandaa kama somo la darasani. Ilikuwa ya dakika nane, nusu Kifaransa, na maneno ambayo hata sisi tulikuwa tumeyatafuta katika kitabu. Wamama wachache sana waliifungua. Mmoja alituambia wazi: "Mwalimu, umekula mega zangu na sikuelewa kitu."

Tukaanza upya, na haya ndiyo tuliyojifunza kidogo kidogo.

Sauti iwe fupi, isipite dakika moja na nusu, na iwe na jambo moja tu. Ukisema mambo matano, mtu anashika lile la kushangaza peke yake.

Anayesema ajitaje jina na kartie yake. Muuza chupa hajitaji. Tukisema "ni mimi, mama fulani wa Nyawera, unanijua, tunakutana kanisani", hapo tumemshinda tayari, kwa sababu sisi tunaweza kuulizwa kesho barabarani.

Lugha iwe ya nyumbani. Tunasema Kiswahili cha Bukavu, na mwenzetu mmoja anarudia kwa Mashi kwa ajili ya bibi zetu wa Kabare na Walungu. Sauti ya Mashi ndiyo inayosikilizwa zaidi.

Kabla ya kutuma, muuguzi wa kituo chetu cha afya anaisikiliza. Asipopata nafasi, hatutumi juma hilo.

Na hatudharau hofu ya mtu. Mwanzoni tulisema "wajinga wanaamini karuho", na tukapoteza wasikilizaji. Sasa tunasema: ikiwa unaogopa karuho, tunakuelewa, lakini kwanza mtenge mtoto, malazi yake yasitumiwe na wengine, osha mikono kwa sabuni, na mpeleke apimwe leo. Tunaeleza pia kwamba mpox si ugonjwa ulioletwa juzi. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana duniani alikuwa mtoto wa miezi tisa hapa hapa Kongo, jimbo la Équateur, mwaka 1970. Wazee waliochanjwa ndui wana kinga fulani. Chanjo ile iliachwa ndui ilipokwisha duniani, na ndiyo maana watoto na vijana wetu wako wazi zaidi.

Kijiko cha chumvi

Tusijisifu. Sauti yetu ya nne ilikuwa juu ya kuhara, kwa sababu kipindupindu hakiko mbali na sisi tunaoishi kando ya ziwa Kivu. Siku hiyo muuguzi alikuwa safarini, na sisi tukavunja kanuni yetu tukasema: hii tunaijua, tutume tu. Tukasema maji lita moja, sukari vijiko sita, chumvi kijiko kimoja. Tulikosea. Chumvi ni nusu ya kijiko kidogo cha chai, na chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.

Muuguzi aliisikia jioni, akapiga simu. Kulikuwa na wale waliosema tuifute kimya kimya, watu wasitucheke. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishowe yule mwenzetu mwenye watoto wale wawili akasema: "Yule wa karuho hakurudi kusema amekosa. Ninyi rudini." Basi tukatuma sauti nyingine: "Tumekosea, sikilizeni." Na kesho yake baada ya misa tuligawana barabara, tukapita nyumba kwa nyumba kuonyesha kijiko chenyewe mkononi.

Tulidhani hatutaaminiwa tena. Ikawa kinyume. Tangu siku hiyo wamama ndio wanaotutumia sauti walizopokea na kuuliza: "Hii ni kweli?" kabla ya kuisukuma kwa wengine.

Kipimo sahihi, tukiandike hapa mkikate mkibandike jikoni: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vidogo vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa. Koroga mpaka vyote viyeyuke. Mpe mtoto kidogo kidogo wakati mnakwenda kituo cha afya. Maji haya hayachukui nafasi ya kituo.

Kabla hujabonyeza

Katika WhatsApp, ujumbe uliosukumwa mara nyingi una mishale miwili juu yake. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa ila kwa mtu au kikundi kimoja kwa mara moja. Mishale hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema kwamba aliyekutumia siye aliyeutunga, na labda hamjui mtungaji. Ukiiona, jiulize: anayesema ametaja jina lake? Anataka pesa zangu? Anasema nisiende hospitali? Anayekuuzia dawa na papo hapo kukukataza kupimwa, huyo mwache hapo hapo.

Na wamama, telefoni haimshiki mtoto kipaji cha uso kujua kama ana homa. Yule bibi asiye na telefoni ndiye aliyeona, ndiye aliyebeba. Katika kila kartie kuna reko, mhamasishaji wa afya anayejulikana; mjue jina lake na nyumba yake, kama unavyojua nyumba ya jirani wa kuomba moto.

Jumamosi hii sauti yetu itakuwa juu ya chanjo ya surua. Mwenye swali alilete Ijumaa kwenye likelemba, au amwambie mwenzake mwenye telefoni. Na ikiwa ulipata kwetu ile sauti ya karuho mwezi ule wa Agosti, na ukaituma kwa mtu, tunakuomba msamaha. Nenda ukamwambie mtu huyo, kama na sisi tunavyokuambia leo.