Kwa nini mzimamoto hutoka nje moto ungali unawaka

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mikasa mingi ya moto mijini, hufika wakati umati ukapandwa na hasira. Mzimamoto aliyeingia jengoni akiwa na mtungi mgongoni huonekana akitoka baada ya dakika 20 hivi, mikono mitupu, ilhali moshi ungali unafuka madirishani. Watu humzomea na kumwita mwoga. Pengine hata mawe hurushwa.

Wasilolijua wengi ni kwamba mtu huyo hakukimbia moto. Hewa yake ilikuwa imekaribia kwisha. Kama angalikaa humo kwa dakika chache zaidi, pangekuwa na mtu mwingine wa kuokolewa.

Kifaa cha kupumulia ndicho kinachoamua ni nani awezaye kuingia penye moshi, na kwa muda gani. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 iliziweka huduma za zimamoto chini ya serikali za kaunti, yafaa mlipa ushuru naye afahamu jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, na kinavyoweza kuua kisipotunzwa.

Moshi ndio muuaji

Wengi wa wanaofariki katika mikasa ya moto huuawa na moshi kabla ya ndimi za moto kuwafikia. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishikiza kwenye damu kwa wepesi unaozidi ule wa oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyeivuta huweza kulegea na kupoteza fahamu bila kujua kilichompata.

Magodoro ya sponji na samani za kisasa huongeza balaa, kwa kuwa yakiungua hutoa sumu ya sayanaidi. Mikasa ya mabweni tuliyoishuhudia, kuanzia Kyanguli mwaka wa 2001 hadi Hillside Endarasha mwaka wa 2024, imetufunza jinsi ukumbi uliojaa vitanda unavyoweza kuteketea kwa muda mfupi.

Kitambaa kilicholoweshwa maji hakizuii gesi hizi. Barakoa za kuchuja vumbi nazo hazifui dafu, kwa sababu hazina uwezo wa kuzalisha oksijeni mahali ambapo moto umekwisha kuila. Mzimamoto hana budi kuingia na hewa yake mwenyewe.

Hewa ya kawaida

Kinyume na dhana ya wengi, mtungi ule haubebi oksijeni tupu. Hubeba hewa hii hii tunayoivuta, ila imeshindiliwa. Mitungi mingi ya kisasa hujazwa hadi presha inayokaribia mara 300 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa presha ya takriban mara mbili tu.

Kutoka mtungini hewa hupitia kipunguza presha, kisha hufuata mpira hadi kwenye vali iliyo katika barakoa, ambayo humpa mvaaji hewa kila anapovuta pumzi. Presha ndani ya barakoa huwekwa juu kidogo kuliko ya nje, ili pakitokea upenyo mdogo, hewa safi itoke badala ya moshi kuingia. Hata hivyo, upenyo huo humaliza akiba mapema. Ndiyo maana vikosi vingi huwakataza wazimamoto kufuga ndevu mahali barakoa inapogusa uso. Hata mikono ya miwani ya kawaida huweza kuacha mwanya.

Hesabu ya hewa

Mtungi unaotumiwa sana una ujazo wa lita 6.8. Ukijazwa hadi 300 huwa na hewa ya takriban lita 2,000. Geji inaposhuka hadi kati ya 50 na 60, filimbi ya tahadhari hulia. Hivyo, hewa ya kufanyia kazi kabla ya filimbi ni kama lita 1,600.

Mtu aliyeketi kitako hutumia lita zisizozidi 10 hivi kwa dakika. Mzimamoto anayetembea na kuvuta mpira wa maji hutumia lita 40 au zaidi, na hapo mtungi utamfaa kwa dakika 40. Akipanda ngazi akiwa amembeba majeruhi, huweza kutumia lita 80. Hapo dakika 40 hugeuka 20. Hofu nayo huharakisha pumzi. Kwa hivyo, anayetegemea saa ya mkononi pekee anajidanganya. Ni lazima aitazame geji kila mara.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba filimbi ndiyo ishara ya kuanza kurudi. Filimbi ikilia, mzimamoto anapaswa kuwa tayari yuko nje au mlangoni.

Tuchukue mfano. Mzimamoto anaingia geji ikisoma 280. Anapofika mahali pa kazi inasoma 220, yaani ametumia 60. Kurudi kutahitaji 60 nyingine, na huenda zaidi kwa kuwa amechoka. Akiongeza akiba ya 60 isiyoguswa, anapata 120. Geji ikifika hapo, sharti ageuke, hata kama anasikia sauti ya mtu akiomba msaada. Huo ndio uamuzi mgumu kupita yote katika kazi hii, na ndio umati wa nje usiouona.

Kwa kawaida wazimamoto huingia wawili wawili au zaidi, na hugeuka kwa kufuata geji ya aliyebakiwa na hewa kidogo zaidi. Nje hubaki msimamizi mwenye ubao, ambaye huandika jina la kila aliyeingia, presha yake na saa aliyoingia, kisha hukadiria wakati ambapo filimbi yake italia. Asiporejea kwa wakati, kikosi cha uokoaji huingia kumtafuta.

Mnamo Desemba 3, 1999, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wazimamoto wawili waliingia katika ghala kuukuu la barafu lenye madirisha machache. Walikuwa wakiwatafuta watu wasio na makao waliodhaniwa kuwa ndani. Walipotea katika moshi na kuarifu kwa redio kwamba hewa yao ilikuwa ikiisha. Wenzao wanne waliokwenda kuwatafuta nao hawakurudi. Wote sita waliangamia, ilhali watu waliokuwa wakitafutwa walikuwa wamekwisha kuondoka jengoni.

Ukaguzi wa kila zamu

Kifaa hiki hukaguliwa kila zamu inapoanza, wala si moto unapozuka. Kwanza, geji husomwa kuhakikisha kwamba mtungi umejaa. Pili, vali hufunguliwa, kisha hufungwa, na geji hutazamwa kwa dakika moja. Sindano ikishuka kwa haraka, pana mahali panapovuja. Tatu, hewa iliyobaki katika mipira huachiliwa polepole ili kusikiliza iwapo filimbi italia inapostahili. Nne, barakoa huvaliwa, mahali pa kuingizia hewa huzibwa kwa kiganja, na mvaaji huvuta pumzi. Barakoa ikimnata usoni, iko salama.

Baada ya kazi, barakoa huoshwa kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu, hutiwa dawa ya kuua viini, husuuzwa na kukaushwa kivulini. Petroli na vimumunyishi vingine huharibu mpira na kioo. Mafuta na grisi za kawaida zisitiwe kwenye vali, kwa kuwa hewa yenye presha kubwa ikikutana na mafuta huweza kuzua moto.

Mtungi nao hukaguliwa iwapo una mikwaruzo mirefu, mibonyeo au alama za kuungua. Aghalabu hupelekwa kupimwa nguvu kwa presha ya maji kila baada ya miaka mitano. Mingi ya ile iliyozungushiwa nyuzi za kaboni ilitengenezwa kutumika kwa miaka 15. Tarehe huchapishwa ubavuni, na iliyopita haifai kubembelezwa. Mtungi hauachwi mtupu kabisa, kwani unyevu hupenya ndani.

Kompresa ya kujazia mitungi ndiyo husahaulika zaidi. Ikiwekwa karibu na jenereta au gari linalonguruma, huvuta moshi na kuushindilia mtungini, na mzimamoto akavuta sumu akidhani ni hewa safi. Kiwango cha Ulaya huruhusu kaboni monoksidi isiyozidi sehemu 5 katika milioni. Vichujio vya kompresa sharti vibadilishwe kwa wakati, na hewa ipimwe.

Aidha, barakoa haifai kuvuliwa punde tu ndimi za moto zinapozimika. Vifusi huendelea kutoa gesi za sumu. Mnamo 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiorodhesha kazi ya uzimamoto miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliye hatarini vifaa vya kujikinga, na serikali ya kaunti ni mwajiri kama mwingine yeyote. Gari jipya la zimamoto huzinduliwa kwa hotuba na kukatwa utepe. Vichujio, vipuri na mafunzo havizinduliwi na yeyote, lakini bila hivyo gari hilo huwafikisha tu wafanyakazi kwenye moshi wasioweza kuuingia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hivyo, bajeti ya kaunti inapojadiliwa katika vikao vya umma, mwananchi ana haki ya kuuliza: mitungi ni mingapi, ilipimwa lini, na ni nani anayeijaza? Na siku atakapomwona mzimamoto akitoka moshini mikono mitupu, ampishe njia akabadilishe mtungi. Huenda anarudi ndani.