Ukuta na Msimulizi Wake

Katika mtaa wa Mission, mjini San Francisco, Marekani, kuna kichochoro kiitwacho Balmy Alley. Mwaka 1984 wasanii walikijaza michoro ya ukutani, wakipinga Marekani kuingilia vita vya Amerika ya Kati. Shirika la Precita Eyes, lililoundwa mwaka 1977, huwatembeza wageni humo na kuwafafanulia michoro. Kazi ya kiongozi si kuonyesha njia tu: rangi hufifia kwa jua, kuta hupakwa upya, bali masimulizi hudumu yakirithishwa.

Jambo hilo si geni kwetu. Mjini Lubumbashi, miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alisimulia kwa Kiswahili historia aliyoichora. Maneno yake yalinaswa. Ndiyo maana picha zake zingali zikisomeka.