Diski mpya, kumbukumbu za zamani: Jinsi ya kuhama bila kupoteza

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu kote nchini Kenya na sehemu nyingi zikakaa gizani kwa saa kadhaa. Desemba mwaka huo huo giza likarejea. Jijini Kisumu na katika miji mingine ya ufuo wa Ziwa Victoria, hata hivyo, watu hawahitaji kungoja hitilafu ya kitaifa. Ngurumo na radi za eneo hili, ambazo ni miongoni mwa kali zaidi duniani, zinatosha kuuzima umeme jioni moja na kuurejesha kwa kishindo.

Kompyuta nyingi za maofisini huchomekwa moja kwa moja ukutani, bila betri ya akiba. Umeme unapotoweka wakati diski kuu inaandika, faili huweza kubaki nusu. Unaporejea kwa nguvu kupita kiasi, huweza kuziunguza sakiti za diski yenyewe.

Hasara inayofuata haipimwi kwa bei ya kifaa. Katibu wa kamati ya usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, huweza kuwa na orodha za wanachama na rekodi za samaki waliopimwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Maseno ana tasnifu yake. Mwenye duka katika barabara ya Oginga Odinga ana hesabu ambazo sheria ya ushuru inamtaka azihifadhi kwa miaka mitano. Diski hununuliwa dukani. Kilichomo ndani yake hakinunuliwi. Ndipo wahenga wakanena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sababu hiyo, kuibadilisha diski kabla haijafa ni jambo la busara. Tatizo ni kwamba wengi wanapohamia diski mpya hubeba barua na picha pekee, kisha hugundua baada ya wiki moja kuwa nywila, anwani za wateja na barua pepe za miaka kumi zimebaki nyuma, na pengine diski ya zamani imekwisha kufutwa.

Diski inavyofanya kazi

Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni tano tu. Diski za kisasa za mzunguko hufuata kanuni ile ile: sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Kompyuta ikiangushwa au ikitikiswa inapofanya kazi, kichwa hicho huweza kuukwaruza uso wa sahani.

Diski za aina ya SSD hazina kitu kinachozunguka. Huhifadhi data katika chembe za kielektroniki, huwa na kasi kubwa zaidi, na hazijali sana mitikisiko ya safari ya matatu kutoka Kisumu hadi Bondo au Homa Bay. Kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi hupata uhai mpya ikiwekewa diski ya namna hii. Hata hivyo, SSD haina kinga dhidi ya umeme mkali, na inapoharibika mara nyingi hufa ghafla bila kutoa dalili.

Diski ya mzunguko kwa kawaida hutoa onyo. Mlio wa kugonga-gonga, faili zinazokataa kufunguka na kompyuta kuganda kila mara ni dalili zisizofaa kupuuzwa. Aidha, diski nyingi hujipima zenyewe kwa utaratibu uitwao SMART, na programu ya bure kama vile CrystalDiskInfo huyaonyesha matokeo.

Diski inapoanza kugonga, kila dakika ya kuiwasha huweza kuwa ya mwisho. Jambo la kwanza si kuikarabati wala kuipitisha katika programu za kurekebisha makosa, bali kunakili vilivyo muhimu zaidi na kuizima. Ikiwa haisomeki kabisa, ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data. Kuifungua diski juu ya meza ya fundi wa kawaida huingiza vumbi na kulizima tumaini lililosalia.

Vitu vitatu vya kuhamishwa

Vilivyomo katika kompyuta vinaweza kugawanywa katika mafungu matatu: faili, mipangilio na programu.

Faili ndizo rahisi. Ni nyaraka, picha, sauti na video, na hukaa mahali panapoonekana, ingawa nyingi husahaulika kwenye uso wa kompyuta au katika folda ya vitu vilivyopakuliwa.

Mipangilio ndiyo mali iliyofichika. Katika mfumo wa Windows, sehemu kubwa yake hukaa ndani ya folda iitwayo AppData, ambayo haionekani mpaka mtumiaji aamuru vitu vilivyofichwa vionyeshwe. Humo mna kurasa za intaneti zilizowekewa alama, nywila zilizohifadhiwa, kamusi ya maneno yaliyoongezwa na mwandishi, na mengi mengine.

Nywila zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika kivinjari cha Firefox, kunakili folda nzima ya mtumiaji kwa kawaida hubeba nywila pia. Kwa Chrome katika Windows, nywila hufungwa kwa ufunguo unaohusiana na akaunti ya mtumiaji, hivyo folda ikinakiliwa tu katika Windows mpya, nywila hazitafunguka. Dawa ni kuzilinganisha na akaunti ya mtandaoni, au kuzitoa katika faili ya pekee, kabla ya kuiaga diski ya zamani. Faili hiyo husomeka na yeyote anayeifungua, kwa hiyo ifutwe mara kazi inapokamilika.

Barua pepe nazo zina mitego yake. Akaunti inayotumia utaratibu wa IMAP huziacha barua katika seva, na zitarejea zenyewe. Akaunti ya POP aghalabu huzishusha zote katika kompyuta moja na kuziondoa katika seva. Ofisi yenye akaunti kama hiyo inayotumia Outlook inapaswa kuitafuta faili yenye mwisho wa .pst na kuibeba.

Programu, kwa upande wake, kwa kawaida hazihamishiki kwa kunakiliwa. Hufaa kusakinishwa upya, na kwa hivyo namba za leseni zikusanywe mapema. Programu za uhasibu kama vile QuickBooks zina amri yake ya kutengeneza nakala rudufu. Itumiwe hiyo, badala ya kunakili faili ya hesabu wakati programu ingali wazi.

Njia mbili za kuhama

Njia ya kwanza ni kuipiga chapa diski nzima. Programu kama Clonezilla, isiyo na malipo, huinakili diski ya zamani juu ya mpya pamoja na mfumo endeshi, programu na mipangilio yote. Kompyuta ikiwaka, mtumiaji hukuta kila kitu pale alipokiacha. Udhaifu wake ni kwamba virusi na makosa ya zamani pia huhama. Zaidi ya hayo, kwa kawaida diski mpya inapaswa kuwa sawa na ya zamani kwa ukubwa au kuizidi. Diski iliyoandikwa GB 500 huonekana katika Windows kuwa na takribani 465, kwa sababu mtengenezaji na mfumo huo huhesabu kwa vipimo tofauti, mnunuzi hajapunjwa.

Njia ya pili ni kusakinisha mfumo mpya, kisha kurejesha faili na mipangilio kidogo kidogo. Huchukua muda, lakini huifaa kompyuta iliyojaa takataka za miaka mingi. Pia huifaa ile inayoachana na Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilikoma kuutolea masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo mnamo Oktoba 14, 2025. Ikumbukwe pia kuwa kile kifaa cha kuhamisha faili na mipangilio kilichokuwamo katika matoleo ya zamani ya Windows kiliondolewa Windows 10 ilipotolewa mwaka wa 2015, ingawa mafundi wengine bado hukitafuta.

Kwa njia yoyote ile, ni vyema kuchunguza kwanza ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 uandikwe pembeni kabla ya kugusa chochote.

Muda na umeme

Kunakili GB 250 kupitia tundu la USB la zamani, kwa kasi ya MB 30 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa mbili. Kwa tundu jipya linalofikia MB 100 kwa sekunde, kazi hiyo huisha chini ya saa moja. Mzigo huo huo ukipandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kasi ya megabiti tano kwa sekunde, utachukua zaidi ya siku nne. Hifadhi ya mtandaoni hufaa sana kwa nyaraka za kila siku, lakini si njia ya kuhamisha diski nzima kwa usiku mmoja.

Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya saa nyingi, inafaa kufanywa asubuhi, kabla ya mawingu kutanda, na kompyuta ikiwa imeunganishwa na betri ya akiba. Kompyuta ya mkononi ijazwe chaji kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski ya zamani haidhuriki kwa kawaida, lakini nakala ile haifai kuaminiwa, ianzwe upya.

Kabla ya kufuta

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Diski mpya ikishawekwa, ile ya zamani ichomolewe na kuhifadhiwa kwa majuma kadhaa bila kuguswa. Baada ya kupiga chapa, isiachwe imeunganishwa pamoja na mpya wakati kompyuta inapowaka mara ya kwanza, maana mfumo huweza kuzichanganya.

Kulinganisha idadi na ukubwa wa faili ni hatua ya kwanza tu. Uhakika hupatikana kwa kuzitumia: kuifungua tasnifu hadi ukurasa wa mwisho, kuitafuta barua pepe ya zamani, kuchapisha ankara, kuingia katika tovuti ya ushuru kwa nywila iliyohamishwa. Baada ya mzunguko mzima wa kazi za mwezi kupita bila pengo, ndipo diski ya zamani inapoweza kuachwa.

Kuiacha nako kuna masharti. Kufuta faili kwa kawaida hakuziondoi. Huondoa tu alama ya mahali zilipo, na fundi mwenye programu ya kuokoa data huweza kuzirejesha. Kliniki, shule au chama cha akiba kinachouza kompyuta yenye majina na namba za vitambulisho vya watu hujiweka hatarini. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, faini huweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Diski ya mzunguko ifutwe kwa programu inayoandika upya juu ya kila sehemu. SSD ifutwe kwa amri ya mtengenezaji wake. Iliyokufa na isiyoweza kufutwa ivunjwe.

Mwisho, kuhama salama hakuondoi haja ya nakala rudufu. Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipofura na kuingia katika majengo ya ufuoni, nakala iliyokuwa katika droo ya chumba kimoja na kompyuta isingemfaa mwenyewe. Ile iliyowekwa kwa mwanachama aishiye mlimani ingesalimika.