Uunganishaji wa Amplifaya, Spika na Sabufa katika Gari: Mzigo, Mkondo na Usalama wa Abiria

Ikisiri

Makala hii inaeleza misingi ya kuunganisha amplifaya, spika na sabufa katika mfumo wa sauti wa gari. Hoja yake kuu ni kwamba kulia kwa muziki si uthibitisho kuwa mfumo umeunganishwa ipasavyo. Uthibitisho huo hupatikana kwa kukokotoa mambo mawili kabla ya kazi kuanza: mzigo ambao amplifaya itaubeba, na mkondo utakaopita katika waya utokao kwenye betri. Mifano imechukuliwa kutoka gari dogo la volti 12 na basi la abiria la volti 24.

1.0 Utangulizi

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, muziki ni sehemu ya safari. Matatu za Nairobi, kwa mfano, hujulikana kwa michoro yake na vilevile kwa vyombo vyake vya sauti. Vyombo hivyo aghalabu huongezwa na mafundi baada ya gari kutoka kiwandani. Jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa nyaya za redio zilizowekwa kiwandani zilikusudiwa kubeba mkondo mdogo, ilhali amplifaya moja ya sabufa inaweza kudai makumi ya ampea. Mfumo uliounganishwa vibaya unaweza kulia vizuri kwa miezi kadhaa huku waya ukipata joto chini ya zulia, mahali ambapo dereva na abiria hawauoni.

Sehemu za mfumo ni chache. Redio ni chanzo cha ishara dhaifu. Amplifaya huikuza ishara hiyo kwa kutumia nishati ya betri na alteneta. Spika za milangoni hutoa sauti za kati na za juu, na sabufa hutoa sauti nzito za masafa ya chini. Swali linalojadiliwa hapa ni jinsi sehemu hizi zinavyounganishwa bila moja kuiangamiza nyingine.

2.0 Mzigo wa Amplifaya

Kwa mujibu wa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, mkondo ni sawa na volti ikigawanywa kwa ukinzani. Kanuni hii ndiyo msingi wa uunganishaji wote. Kila spika huandikwa ukinzani wake kwa omu, kwa kawaida 4 au 2 katika vyombo vya gari. Ni vyema kutambua kwamba namba hiyo ni ya makadirio, kwa kuwa ukinzani halisi hubadilika kulingana na masafa ya sauti. Ndiyo maana spika ya omu 4 ikipimwa kwa mita huonyesha kiasi pungufu kidogo, na fundi asidhani kuwa imeharibika.

Spika mbili zikiunganishwa kwa mfululizo, ukinzani wake hujumlishwa: omu 4 na omu 4 huwa omu 8. Zikiunganishwa kwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ukinzani hupungua: spika mbili za omu 4 huwa omu 2. Jedwali lifuatalo linaonyesha matokeo yake kwa amplifaya ambayo volti yake ya kutokea ni 20.

Jedwali la 1: Athari ya mzigo kwa volti 20

Omu 4: ampea 5, wati 100
Omu 2: ampea 10, wati 200
Omu 1: ampea 20, wati 400

Jedwali hili linabainisha kishawishi na hatari kwa wakati mmoja. Kila mzigo unapopunguzwa nusu, nguvu huongezeka maradufu, na msikilizaji hufurahi. Hata hivyo, mkondo nao huongezeka maradufu ndani ya transista za amplifaya. Iwapo mtengenezaji ameandika kwamba kiwango cha chini ni omu 2, basi mzigo wa omu 1 utaifanya amplifaya ipate joto kupita kiasi, ijizime, au iungue.

Sabufa nyingi zina koili mbili, na hapo ndipo makosa hutokea kwa wingi. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuwa mzigo wa omu 2 kwa sambamba au omu 8 kwa mfululizo. Haiwezi kuwa omu 4. Sabufa yenye koili mbili za omu 2 huwa omu 1 au omu 4. Hivyo basi, sabufa huchaguliwa pamoja na amplifaya yake, wala si baadaye.

Jambo jingine ni kubriji, yaani kuunganisha njia mbili za amplifaya ili ziendeshe sabufa moja. Katika hali hiyo kila njia huuona nusu ya mzigo. Sabufa ya omu 4 iliyobrijiwa ni sawa na omu 2 kwa kila njia, jambo ambalo amplifaya nyingi hulimudu. Sabufa mbili za omu 4 zilizounganishwa kwa sambamba na kisha kubrijiwa huwa omu 1 kwa kila njia, na amplifaya nyingi za njia mbili hazikusanifiwa kwa mzigo huo.

3.0 Mkondo, Waya na Fyuzi

Amplifaya haiumbi nishati. Huichota kwenye betri na alteneta, na sehemu ya nishati hiyo hupotea kuwa joto. Tuchukue amplifaya inayotoa wati 400. Ikiwa ni ya daraja AB yenye ufanisi wa takriban asilimia 50, itachota wati 800. Kwa volti 13.8, ambayo ni volti ya kawaida injini inapofanya kazi, huo ni mkondo wa ampea 58 hivi. Ikiwa ni ya daraja D yenye ufanisi wa asilimia 80, itachota wati 500, yaani takriban ampea 36. Ni kweli kwamba wastani wa muziki huwa chini ya kilele hicho, lakini waya hupimwa kwa kilele.

Chukulia kwamba amplifaya ya kwanza imewekwa nyuma ya gari, mita 5 kutoka kwenye betri. Waya wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 4 una ukinzani wa takriban omu 0.0215 kwa urefu huo. Ampea 58 zikipita humo, volti 1.25 hupotea njiani na waya wenyewe hutoa joto la wati 72. Waya wa milimita za mraba 16 hupoteza volti 0.31 tu, na joto hushuka hadi wati 18 zilizotawanyika katika urefu wote. Tofauti kati ya nyaya hizi haisikiki kwa urahisi katika muziki, lakini ndiyo tofauti kati ya waya unaodumu na waya unaoyeyusha ganda lake. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya nyaya zinazouzwa kwa bei nafuu ni za aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa kuwa aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba, waya wa aina hiyo sharti uwe mnene zaidi.

Fyuzi ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi huichukulia kuwa kinga ya amplifaya, ilhali fyuzi kuu ni kinga ya waya. Waya wa chanya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea, na waya huwaka kabla dereva hajajua kilichotokea. Kwa sababu hiyo fyuzi huwekwa karibu na betri; desturi ya ufundi huu ni ndani ya sentimita 45. Fyuzi iliyowekwa karibu na amplifaya huuacha waya wote ulioitangulia bila kinga. Vilevile, waya unapopita kwenye ukuta wa chuma wa injini, sharti upitie kwenye kipete cha mpira.

Kutokana na maelezo haya, inadhihirika kwamba fyuzi inayokatika mara kwa mara ni taarifa. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi, au kuweka kipande cha waya mahali pake, ni kumnyamazisha shahidi.

4.0 Basi la Volti 24

Mabasi mengi ya dizeli hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, ilhali amplifaya za gari kwa kawaida hutengenezwa kwa volti 12. Njia rahisi inayowavutia mafundi ni kuchota umeme kwenye betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Muziki hulia, na kazi huonekana imekamilika.

Kinachofuata hutokea polepole. Alteneta huangalia jumla ya volti, takriban 28, wala haioni kila betri peke yake. Betri inayochotwa ikishuka hadi volti 12.5, ile nyingine italazimika kubeba 15.5. Ya kwanza haijai kamwe, na ya pili huchajiwa kupita kiasi hadi maji yake huchemka. Hatimaye zote mbili hufa, na lawama huelekezwa kwa muuza betri. Suluhisho ni kutumia kigeuzi kinachoshusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo wa ampea unaolingana na ukokotozi wa Sehemu ya 3.0, au kifaa cha kusawazisha betri hizo mbili.

5.0 Ethi, Ishara na Mwelekeo wa Spika

Waya wa ethi hubeba mkondo uleule unaobebwa na waya wa chanya. Kwa hiyo unene wake sharti uwe sawa. Uwe mfupi, na ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Ethi dhaifu ni miongoni mwa sababu kuu za mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Sababu nyingine ni kupitisha nyaya za ishara sambamba na waya wa betri. Inafaa kila moja ipite upande wake wa gari.

Mwelekeo wa chanya na hasi kwenye spika nao una athari. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti nzito hufutana. Betri ndogo ya volti 1.5 hutosha kuhakiki: chanya ikigusishwa kwenye chanya, utando wa spika hutoka nje. Aidha, vichujio huigawa kazi: sabufa huachiwa masafa yaliyo chini ya hezi 80 hivi, na spika za milangoni huachiwa yaliyo juu yake.

6.0 Uthibitishaji

Kidhibiti cha ukuzaji kwenye amplifaya hakikusudiwi kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Kikizidishwa, vilele vya mawimbi hukatwa na koili za spika huungua. Kiwango sahihi hupatikana kwa kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu: wati 200 kwa omu 2 ni volti 20. Fundi huchomoa sabufa, hucheza mlio wa hezi 50, na hupandisha kidhibiti hadi mita isome volti hizo. Baada ya kurejesha sabufa, hupima volti kwenye vituo vya umeme vya amplifaya muziki ukiwa juu. Tofauti inayozidi nusu volti kati ya hapo na kwenye betri huashiria waya mwembamba au kiungo kilicholegea.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba usalama wa mfumo wa sauti wa gari huamuliwa na omu, ampea na milimita za mraba za waya, kabla skurubu ya kwanza haijafungwa. Sikio haliwezi kuvitambua vipimo hivyo. Mita na ukokotozi mfupi huweza. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi viwafundishe wanagenzi wa umeme wa magari kuandika ukokotozi huo kwenye karatasi na kumkabidhi mwenye gari pamoja na funguo zake, ili fundi atakayefuata ajue ni kwa nini fyuzi ile iliwekwa pale.