Kapkeki ya Shilingi 250: Pesa Inaenda Wapi?

Fungua Instagram Jumatano jioni, hasa wiki ya mwisho wa mwezi, na utaziona: boksi nyeupe yenye kidirisha cha plastiki, kapkeki sita ndani, krimu imepindwa kama ua la waridi. Chini yake maneno machache tu: oda za wikendi zinafungwa kesho saa kumi, depo nusu, till iko kwa bio. Bei? Njoo DM. Ukienda DM unaambiwa boksi ni 1,500. Hiyo ni shilingi 250 kwa keki unayoimaliza kwa mimego minne. Kwa pesa hizo hizo, mama wa mandazi pale kona atalisha nyumba nzima na chenji irudi.

Na bado watu wananunua. Kwa nini? Na je, yule anayeuza anabaki na kitu, ama anatuchapia picha nzuri tu huku mfuko unavuja?

Keki ndogo ya kikombe si jambo jipya. Kule Marekani, kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons cha mwaka 1796 tayari kilikuwa na keki ya kuokwa ndani ya vikombe vidogo. Kwa muda mrefu ilibaki kitu cha nyumbani na cha sherehe za watoto. Kilichobadilika ni nani anaila na wapi. Magnolia Bakery ilifunguliwa New York mwaka 1996, mtaa wa Bleecker, duka dogo la kawaida. Mwaka 2000 kipindi cha televisheni cha Sex and the City kikaonyesha wahusika wake wawili wameketi nje ya duka hilo wakila kapkeki, na foleni zikaanza. Kisha 2005 Candace Nelson, aliyekuwa ameacha kazi ya benki ya uwekezaji, akafungua Sprinkles kule Beverly Hills, duka lililojengwa juu ya kapkeki peke yake. Kufikia 2012 Sprinkles walikuwa wameweka mashine mfano wa ATM ukutani: unalipa kwa kadi, boksi inakutokea hata usiku wa manane. (Sisi tuliokuwa tukituma pesa kwa simu tangu 2007 pengine hatukushtuka sana.)

Lakini ukiniuliza mimi, duka la kusoma kwa makini ni Crumbs. Hawa walianza New York mwaka 2003, wakapanuka haraka, na 2011 hisa zao zikaingia soko la Nasdaq. Julai 2014 wakafunga maduka yote kwa mpigo. Walikuwa na wateja hadi mwisho. Shida ni kwamba walitegemea sana bidhaa moja, huku wakilipa kodi za maduka katika maeneo ghali, na mauzo ya kila duka yalipoanza kushuka gharama hazikushuka nayo. Wateja wapo, pesa inaingia, na biashara bado inakufa. Hilo linatokea hata kwa jiko la nyumbani Umoja au Nyali.

Tukirudi kwa mnunuzi, hapumbazwi. Keki kubwa ya bathdei ya elfu tano inahitaji harambee ya ofisi. Boksi ya 1,500 mtu mmoja anaimudu, na inaonekana zawadi kweli. Na tabia hii hatukuiga Beverly Hills. Halua ya Mombasa na Lamu imekuwa kitamu cha heshima tangu zamani, inapimwa kwa kilo, inafungwa vizuri, na ole wako urudi bara kutoka Pwani mikono mitupu. Kashata ipo, kaimati ipo, lakini ukitaka mkwe atabasamu unabeba halua. Kapkeki imechukua nafasi hiyo hiyo kwa kizazi cha Instagram.

Sasa hesabu. Hizi ni za mfano, weka zako mahali pake. Boksi moja ya sita: unga, siagi, mayai, sukari, krimu na vanila, 480. Boksi yenyewe na vikaratasi, 120. Gesi na stima, 80. Jumla 680. Ukiahidi kupeleka bure, boda ni 250, tuko 930. Kwa bei ya 1,500 umebaki na 570. Inapendeza, mpaka ukumbuke saa tatu za kwenda soko, kuoka, kusubiri zipoe, kupamba na kujibu DM za watu wanaouliza bei kisha wanapotea. Ni shilingi 190 kwa saa.

Ukishusha bei hadi 1,000 kwa sababu jirani naye ameanza kuoka, unabaki na shilingi 70. Sabini! Ndiyo maana mwokaji mzoefu hashindani kwa bei. Anakusanya oda siku moja. Boksi tatu kwa pamoja hazichukui saa tisa. Zikichukua tano, umepata 1,710, yaani 342 kwa saa kwa oveni ile ile. Na boda analipa mteja.

Wengi hawaioni 70 hiyo kwa sababu pesa zote zinaingia laini moja: za keki, za chama, za kaka aliyerudisha deni, na karo inatoka humo humo. Salio likiwa elfu kumi na mbili unahisi biashara iko sawa. Till au laini ya biashara pekee inakutenganishia hayo. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya akaunti, keti na kalamu, toa matumizi kwenye mapato. Na ununue unga na siagi kutoka laini hiyo hiyo, la sivyo taarifa itakuonyesha mapato tu, na mapato pekee hudanganya.

Depo nayo isiwe ya mazoea. Kwa mfano wetu nusu ni 750, inafunika zile 680 za kuoka. Mteja akighairi Ijumaa usiku, hujaoka kwa hasara. Depo ya 300 haifanyi kazi hiyo. Sharti la kughairi liandikwe WhatsApp kabla pesa haijatumwa, maana baada ya hapo kila mtu anakumbuka lake.

Kuna pia wale wanaokuja kuchukua mzigo wakikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yao. Usiangalie simu yao. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote, na picha ya skrini ni rahisi hata zaidi. Angalia salio lako mwenyewe kabla boksi haijatoka mlangoni, hata kama boda anapiga honi.

Wewe mnunuzi, picha nzuri huibwa kila siku. Ukurasa mpya unaodai malipo yote mapema, kwa nambari ya kibinafsi, uombe video fupi ya keki za leo kwanza. Unapolipa, soma jina linalojitokeza kabla malipo hayajakamilika. Kama ukurasa ni wa duka la keki na jina halifanani na chochote ulichoambiwa, simama uulize. Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Na kama unataka boksi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tuma depo mapema. Kufikia Alhamisi jioni wengi huwa wameshajaa.